Nimesubu vichwa vya risasi vya .38 mwenyewe, mtutu unajaa risasi. Nimekosea wapi?

MtotoWaChumbageni (Columbus, Ohio)

Wakuu, habari za huko mliko. Humu mada nyingi ni mpira na siasa, lakini nishaona wawili watatu wanaolenga shabaha huku Marekani, kwa hiyo naileta shida yangu.

Nina rivolva ya .38 Special, Smith & Wesson Model 14, mtutu wa inchi sita. Nimeinunua kwa mzee mmoja wa klabu yetu ambaye macho yamemkataa. Kazi yake ni karatasi tu. Kila Alhamisi jioni tunasimama mkono mmoja mfukoni, mwingine umenyooka: kumi za polepole kwa dakika kumi, halafu tano kwa sekunde ishirini, halafu tano kwa sekunde kumi. Ukumbi wetu una yadi 25 basi.

Kwa asiyejua, wadkata ni kichwa cha risasi kilichokatwa bapa mbele, kama kipande cha chaki. Hakina ncha, na kinazama chote ndani ya ganda, ukiliangalia ganda lililojazwa utadhani halina kitu. Kikipita kwenye karatasi kinaacha tundu la mviringo safi kama la ile mashine ya ofisini ya kutobolea makaratasi. Ubishi wa "imegusa duara, haijagusa" unaisha hapo hapo.

Za dukani ni tamu lakini bei yake inanifanya niruke Alhamisi moja moja. Basi nikajinunulia presi iliyotumika (mashine ya kujazia maganda), chungu cha umeme, na kalibu ya alumini ya vichwa viwili, uzito wa greni 148. Risasi yenyewe, yaani madini, nimepata gereji ya Mkongomani mmoja jirani yangu: zile vipande wanazobandika kwenye ringi za gari kusawazisha tairi. Nimeyeyusha, nimetoa taka, nimesubu vichwa kama mia nne. Mia ya kwanza ilikuwa na makunyanzi kama uso wa bibi yangu, nikairudisha chunguni. Zilizofuata ni nzuri, zinang'aa, kingo kali. Nimevipitisha kwenye kipimo cha inchi 0.358, nimepaka mafuta, nimejaza kwenye maganda niliyookota ukumbini, mchanganyiko wa kila kiwanda. Baruti nimefuata kitabu, kiwango cha chini kabisa cha wadkata. Mwisho napitisha kila moja kwenye dai (kibanio cha presi) ya nne yenye pete ya kabidi, metali ngumu sana, ile inayokaza mdomo wa ganda na kunyoosha kila kitu ili iingie silindani bila kukwama.

Kumi za kwanza zilikuwa raha: zote ndani ya duara jeusi, saba ndani ya duara dogo la alama kumi. Za ishirini na kuendelea zikaanza kutawanyika. Kufika ya arobaini nikaona matundu mawili yamekaa kama yai, kichwa kimeingia kwa ubavu! Nimerudi nyumbani nikamulika mtutu kwa tochi: ndani, upande wa silinda, kuna mistari ya kijivu imeng'ang'ania. Nimesugua siku mbili.

Nimekosea wapi? Ni mafuta, ni risasi yenyewe, au ni mimi?

---

SimbaWaDallas

Mkuu hiyo rahisi. Vichwa vyako ni laini mno, vinajipaka kwenye mtutu kama siagi kwenye mkate. Tafuta linotaipu, ile metali ya zamani ya mitambo ya magazeti, ina antimoni, metali ya kugumisha, asilimia 12 hivi. Changanya nusu kwa nusu. Ukivitoa kwenye kalibu vidondoshe kwenye ndoo ya maji vipoe ghafla, vinakuwa vigumu zaidi. Tatizo kwisha. Mimi .357 yangu nafanya hivyo na mtutu ni kioo.

---

FundiChubwi (Erie, Pennsylvania)

Marahaba kijana, ingawa hukuniamkia.

Simba, wewe unapiga .357 kwa nguvu zote, na huko kwako uko sahihi. Huyu anapiga wadkata. Ukimpa ushauri wako mtutu wake utajaa mara mbili ya sasa, na atakuwa amemaliza linotaipu, ambayo siku hizi kuipata ni kama kupata kaseti.

Kwanza tuelewane maneno, maana Kiswahili kimetutegea hapa. Risasi ni madini, na risasi ni ile inayoruka. Mimi nikisema risasi nasema madini. Inayoruka naiita kichwa. Shaba ya nyuma ni ganda, kile kidonge cha kuwasha ni fataki. Twende.

Mtoto wa Chumbageni, mimi ni wa Pangani, tumepakana. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mshipi, na chubwi zake, vile vizito vya kuzamishia mshipi, alisubu mwenyewe uani kwa makopo ya maziwa na kalibu ya udongo wa kuchoma. Nilianza kumsaidia nikiwa na miaka tisa. Halafu nimekereza vyuma miaka thelathini na moja hapa Erie, na vichwa nimevisubu tangu 1991. Nimeshajaza risasi mitutu ya kutosha kujua kwamba kila anayeanza hukimbilia ugumu. Na mara nyingi shida ni kipimo.

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Moto unaosukuma kichwa ni mkali kuliko hapo mara nyingi. Kichwa kikiwa kinene cha kutosha kinaziba njia, moto unabaki nyuma yake kama maji nyuma ya lango. Kikiwa chembamba, hata kwa unene wa unywele, gesi inapita pembeni kwa kasi, inakwangua ubavu wa kichwa na kuyapaka makwangu hayo mtutuni. Ndiyo mistari yako ya kijivu. Na mahali ilipo panasema mengi: ukiiona mwanzo wa mtutu, karibu na silinda, shuku kipimo. Ukiiona mwishoni, mdomoni, mafuta yameisha njiani. Wewe umesema upande wa silinda, kwa hiyo mafuta yako sina ugomvi nayo kwa sasa.

Sasa ugumu. Kichwa laini kikipigwa teke na gesi kinatanuka kidogo kwa nyuma na kuziba nafasi iliyobaki. Kigumu kinahitaji msukumo mkubwa ndipo kitanuke. Kikomo cha .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, na wadkata ya shabaha iko chini sana ya hapo, inatembea futi mia saba na kitu kwa sekunde. Msukumo mdogo, kichwa kigumu, hakitanuki, gesi inapita. Ndiyo maana viwanda hutumia risasi laini karibu na tupu kwenye wadkata zao, hadi nyingine wanazitoboa shimo nyuma ili ule ukingo utanuke kama sketi. (Hizo za sketi usizichezee kwa baruti nyingi. Sketi inaweza kukatika ikabaki mtutuni, kichwa kikaenda peke yake, na risasi inayofuata ikakuta njia imezibwa.)

Umesema umepima 0.358. Swali langu: umepima lini? Kabla ya kukiingiza kwenye ganda, sivyo? Mimi nataka kujua kina unene gani *baada ya* kuingia.

Fanya hivi jioni ya leo. Chukua ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti. Lipitishe hatua zote kama kawaida, ingiza kichwa, kaza kwa hiyo dai yako ya nne. Halafu ling'oe kwa nyundo ya kung'olea, ile ya plastiki unayogonga sakafuni, na upime kichwa kwa maikromita mahali tatu: mbele, kati, nyuma. Usitumie venia ya plastiki, inadanganya. Tumia maikromita halisi, na uandike namba.

Halafu pima koo za silinda, ile sehemu ya mbele ya kila tundu ambapo kichwa kinapita kabla ya kurukia mtutu. Chukua kichwa cha risasi laini kabisa, kinene kidogo, kipake mafuta, kisukume kwa kijiti cha mbao kipite kooni. Kitatoka na kipimo cha koo. Rudia matundu yote sita, bastola ikiwa tupu na silinda imefunguliwa. Kupima mtutu wenyewe usijisumbue: Smith & Wesson huchonga mifereji mitano ndani ya mtutu, na maikromita ya kawaida haiwezi kupima kitu chenye mifereji mitano kwa sababu kila mfereji unatazamana na tuta. Nimeona watu wakinunua bastola nyingine kwa hesabu mbovu ya hapo.

Kuhusu kusafisha: chukua zile nyuzi za shaba za kusugulia masufuria, jaribu kwanza kwa sumaku maana nyingine ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Zikiachia sumaku, zifunge kwenye brashi kuukuu, sugua mara kumi na tano. Siku mbili za nini? Na mtu akikuambia uchanganye siki na haidrojeni peroksaidi, mwambie asante na usifanye. Inayeyusha risasi kweli, lakini inakuachia chumvi ya risasi kwenye maji, sumu inayopenya ngozi, na inakula chuma chako.

Jambo la mwisho halafu nikalale. .38 Special ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi, ndiyo maana ganda lake ni refu. Baruti ya siku hizi ya wadkata inakaa chini kama sukari kwenye kikombe cha chai. Maana yake ganda linaweza kumeza kipimo mara mbili na bado lisifurike. Kiasi sikiandiki hapa, kitabu unacho. Lakini weka maganda yote kwenye kibao chenye mashimo, na kabla ya kuweka hata kichwa kimoja, pita na tochi juu ya kila ganda. Kila ganda. Na ukiwa ukumbini ukasikia "pff" badala ya "pa", simama, fungua silinda, angalia mtutu, kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo. Mshindani wa pembeni akuone mjinga, haidhuru.

Nasubiri namba zako.

---

NesiWaKisauni (Minneapolis)

Shikamoo Fundi. Mengine nimesoma kwa kupenya tu, mimi na bunduki hatujuani. Nimekuja kuuliza moja: hicho chungu kiko wapi ndani ya nyumba, na watoto wapo?

Mimi ni wa Mombasa. Waliokulia pande zetu wanaijua Owino Uhuru, kule Mikindani, ambako kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu ukutani mwa nyumba za watu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Watoto ndio walioumia zaidi, kwa sababu mwili wa mtoto hufyonza risasi kuliko wa mtu mzima na ubongo wake bado unajengwa. Hapa Marekani tangu 2021 mtoto akikutwa na maikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu tunaanza kufuatilia. Hiyo ni kidogo sana, vumbi la kwenye viatu linatosha.

Kwa hiyo: usiyeyushe jikoni wala sebuleni. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, viatu vibaki nje. Mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa kikombe. Usile wala usivute sigara pale. Na vumbi la ile mashine inayosafisha maganda ni baya kuliko moshi wa chungu, kwa sababu mabaki ya fataki yana risasi ndani yake. Ukimaliza mwezi huu nenda ukapime damu, ni sindano moja.

---

MpitaNjia255

Wakuu na mimi Dar huku nina swali, hii mtu anaweza kuifanya nyumbani Tanzania?

---

FundiChubwi

Hapana, na usijaribu kwa kibali cha humu jukwaani. Huko kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kutengeneza risasi bila leseni ni kosa. Hapa sheria ya taifa inaruhusu mtu kujijazia za matumizi yake, akitaka kuuza ndipo anahitaji leseni. Majimbo mengine yana masharti yao.

Na hilo limenikumbusha. Kijana, samahani kwa kuuliza mbele za watu, makaratasi yako ni yapi? Mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, sheria ya Marekani kwa kawaida inamkataza kumiliki silaha na hata risasi moja, isipokuwa ana kibali kama leseni ya uwindaji. Nimeona kijana wa watu akipoteza masomo kwa jambo alilodhani ni mchezo.

Nesi, marahaba. Kila ulichosema ni kweli. Nami naongeza: betri za gari zisiingie chunguni hata moja. Zina aseniki na kalsiamu, na taka zake zikipata unyevu zinaweza kutoa gesi inayoua.

---

MtotoWaChumbageni

Shikamoo Fundi, shikamoo dada Nesi. Samahani kwa kusahau mwanzoni, ni haraka ya shida.

Makaratasi: nina kadi ya kijani mwaka wa sita, nimo salama. Dada, chungu kiko gereji, mlango mkubwa umefunguliwa na feni inapuliza nje. Nina mmoja wa miaka minne. Ila nakiri sufuria ya kwanza ya kuyeyushia zile vipande za gereji niliichukua jikoni. Nimeitoa. Mke wangu ameuliza iko wapi na bado natafuta jibu. Kupima damu nimeweka miadi, mimi na mtoto.

Sasa namba, nimeziandika kwenye boksi la pizza:

Koo za silinda: tano ni 0.3580, moja 0.3585.

Kichwa kabla ya kuingia gandani: 0.3580 juu, kati, chini.

Kichwa baada ya kung'olewa: mbele 0.3570, kati 0.3565, nyuma 0.3555.

Nimerudia maganda manne. Yale mengine matatu yamenipa kati ya 0.3555 na 0.3570 kwa nyuma. Nilikaa chini kwenye ndoo nikayatazama. Kumbe nilikuwa navipima vizuri halafu navisaga mwenyewe!

---

SimbaWaDallas

Duh. Haya, nimekaa.

---

FundiChubwi

Ndiyo hiyo. Sehemu mbili na nusu za elfu ya inchi zimepotea nyuma ya kichwa, na nyuma ndiko kunakoziba gesi. Ungeongeza linotaipu ungekuwa na kichwa chembamba *na* kigumu.

Wakosaji ni wawili, na wamesaidiana. Wa kwanza ni hiyo dai ya nne. Ile pete ya kabidi inakaza mdomo wa ganda, ndiyo, lakini pia inabana ganda zima kutoka nje baada ya kichwa kuwa ndani. Shaba ikiachiliwa inarudi kidogo kama mpira, risasi hairudi. Vichwa vyenye koti la shaba haviumii, vya kusubu vinaumia. Itoe kwenye presi. Kazia mdomo kwa dai ya kawaida ya kukaza, kidogo tu, mdomo uingie ndani kiasi cha kuusikia kwa ukucha.

Wa pili ni maganda. Ukuta wa ganda ni mwembamba mdomoni na unaongezeka unene kadiri unavyoshuka. Kichwa cha kawaida kinaishia juu, hakifiki kwenye unene. Wadkata inazama yote, mkia wake unafika kule chini kwenye ukuta mnene na unabanwa. Ndiyo sababu viwanda vilikuwa na maganda maalumu ya wadkata, ukuta wake mwembamba unashuka mbali zaidi. Utayajua kwa mfuo mmoja au miwili uliozunguka ubavuni. Kagua rundo lako la kuokota, kwenye ukumbi wa wazee kama wenu yatakuwemo. Yatenge, hayo ndiyo ya Alhamisi.

Halafu tafuta kipanuzi cha wadkata, ile pini ndefu inayopanua mdomo wa ganda hadi kina chote ambacho kichwa kitakaa. Uliyo nayo ni fupi, ya vichwa vya kawaida, inapanua juu tu na kuacha chini pamebana. Mimi yangu niliikereza mwenyewe mwaka huo huo wa 1991, kosa lako lilikuwa langu, ila mimi nilikaa nalo msimu mzima nikilaumu mafuta.

Risasi yako ilainishe. Nusu hizo za tairi, nusu risasi tupu, na bati kidogo, asilimia mbili inatosha, waya wa kulehemu usio na kemikali ndani utakupa hilo. Bati halilainishi, linasaidia risasi ijaze pembe za kalibu, na wadkata bila pembe kali ni kokoto. Huna mashine ya kupima ugumu? Tumia penseli za wachoraji, kuanzia 6B laini kwenda juu: ile ya kwanza inayochimba badala ya kuteleza ndiyo ugumu wako. Andika, linganisha na vichwa vya dukani.

Na hizo vipande za tairi, ulizichambua? Siku hizi nyingi si risasi. Zenye Fe ni chuma, hizo zinaelea tu. Zenye Zn ni zinki, huyeyuka kwenye nyuzi 419 hivi, na ikiingia chunguni kidogo inatosha kuharibu chungu kizima: risasi inakuwa kama uji wa mtama uliopoa, haijazi kalibu. Weka moto chini ya nyuzi 400 unapoyeyusha mara ya kwanza, zitaelea nzima uzitoe kwa kijiko.

Na makunyanzi ya mia ya kwanza hukuuliza lakini nakujibu. Kalibu ilikuwa baridi, au ina mafuta ya kiwandani. Ioshe kwa sabuni, ikaushe kabisa, iegemeze kona juu ya chungu ipate moto kabla ya kumimina. Nimesema *kabisa*. Baba yangu alikuwa na kovu la mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kwenye saa. Mwezi wa masika, kalibu ya udongo ililala nje usiku, asubuhi akaimwagia risasi. Unyevu uligeuka mvuke kwa kufumba na kufumbua na risasi yote ikaruka juu. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi. Tone la jasho kutoka kwenye paji la uso linafanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo vaa miwani, mikono mirefu, na kitambaa kichwani, hata Agosti.

---

NesiWaKisauni

Hicho cha kitambaa naunga mkono.

---

MtotoWaChumbageni

Nimerudi, wiki tatu baadaye.

Maganda yenye mifuo nilipata 63 kati ya mia nne na ushei. Kipanuzi nimeazimwa na yule yule mzee aliyeniuzia bastola. Alicheka, akasema alikuwa anasubiri niulize. Dai ya nne iko kwenye droo. Nimesubu upya kwa nusu kwa nusu na bati. Nilipong'oa cha majaribio: mbele 0.3580, nyuma 0.3578.

Alhamisi nimepiga sitini. Tochi mtutuni: wingu jembamba la kijivu kwenye inchi ya kwanza, limetoka kwa kitambaa mara tatu. Hakuna tundu la yai hata moja. Kumi za polepole zimenipa alama 93 kati ya 100, ambazo kwa mkono wangu ni sikukuu. Za sekunde kumi sizisemi.

Damu: mimi 4, mtoto chini ya 1. Daktari amesema nirudi baada ya miezi mitatu.

Fundi, swali moja. Lile tundu la 0.3585, kila kichwa kinachotoka humo kinaenda juu kulia, kwenye namba 2 ya uso wa saa, kama inchi moja kutoka kwa wenzake. Nimetia alama ya rangi ya kucha kwenye silinda kuhakikisha. Nisubu vinene kwa ajili ya tundu moja?

---

FundiChubwi

Usisubu. Polepole unajaza tano na sekunde zote unajaza tano, silinda ina matundu sita. Hilo liache tupu.